Dawa Iliyouzwa kwa Sauti ya Mwanvita

Mwanvita Kondo alizaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Huko nyumba yenu inakaa ubavuni mwa mlima huu, ya jirani inakaa ubavuni mwa mlima wa pili, na katikati ni bonde la migomba. Mtu akitaka kumwambia jirani kwamba wageni wamefika, hashuki bondeni na kupanda tena. Anasimama uani na kupaza sauti. Mama yake Mwanvita alimpa kazi hiyo yeye, si dada yake mkubwa Mwaisha, kwa sababu sauti ya Mwaisha ilikuwa ikifika ng'ambo imechanika, lakini ya Mwanvita ilifika nzima, kila neno mahali pake.

Alipoolewa alishuka mjini Morogoro, akawa anauza ndizi na mananasi sokoni. Mumewe alipofariki aliendelea na biashara hiyo hiyo, mpaka siku mwenye gari la matangazo alipomsikia akimwita mteja aliyesahau chenji. Alimwomba ajaribu kipaza sauti. Tangu hapo, kwa miaka mingi, yeye ndiye aliyekuwa akizunguka Mwembesongo, Kihonda na Chamwino kwenye kiti cha mbele cha pikapu yenye spika mbili juu. Alitangaza misiba. Alitangaza chanjo za watoto, maji kukatika, mtoto aliyepotea na nguo alizokuwa amevaa. Wakubwa kwa wadogo waliijua sauti ile, na jambo likishasemwa nayo watu hawakuuliza mara ya pili.

Kulikuwa na vitu alivyokataa. Mtu mmoja alimletea sabuni ya kung'arisha ngozi, akamtaka aseme kwamba yeye mwenyewe anaitumia. Mwanvita alimwangalia, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe iliyokuwa myeusi ti.

"Mimi nawaita watu kwenye misiba yao," alimwambia. "Siwezi kesho yake kuwaita kwenye ujinga."

Yule bwana alicheka akaondoka na sabuni yake.

Kisha vikaja vile vipaza sauti vidogo vya kuchaji, vinavyorekodi maneno na kuyarudia kutwa nzima. Ghafla kila muuza dawa ya mende, kila muuza mitumba, kila mwenye toroli la viazi alikuwa na spika yake. Biashara ya gari la matangazo ikadorora. Lakini Mwanvita hakukosa kazi, maana wafanyabiashara walitaka maneno yao yarekodiwe na mtu anayejulikana, na kijana aliyekuwa akiwarekodi alikuwa Erick.

Erick alikuwa na chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya shule karibu na Msamvu. Kuta zake alikuwa amezipigilia trei za mayai ili mwangwi usisumbue. Alikuwa kijana mpole, msafi, mwenye adabu. Hakuna siku Mwanvita aliingia pale asiamkiwe shikamoo na kupewa kiti. Mwanvita alimpenda kama mtoto wake. Alisoma alichoandikiwa, akibadilisha neno hili na lile ili lisikike vizuri, na kesho yake aliposikia sauti yake mwenyewe ikiita nyanya za Mgeta kwenye toroli alitabasamu, akapita.

Siku moja Erick alimwomba akae naye mchana mzima. Alisema amepata programu mpya kwenye kompyuta, ya akili mnemba, na mashine inatakiwa imzoee.

"Kunizoea vipi, mwanangu?"

"Iijue sauti yako vizuri, mama, ili rekodi zitoke safi. Wewe soma tu, hata kama maneno hayana maana."

Akasoma. Ilikuwa mistari isiyo na kichwa wala miguu, habari za mbuzi, za treni, za mvua, za mtu aliyekasirika. Erick akamwomba asome kwa huzuni, akasoma kwa huzuni. Akamwomba anong'one, akanong'ona. Mwishoni akamwomba acheke.

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, mama. Kile kicheko chako."

Mwanvita aliona haya kidogo, kisha akacheka, na kwa kuwa kucheka bila sababu kulimchekesha kweli, kicheko kikatoka chenyewe, kile kinachoanzia chini tumboni na kuishia puani. Erick naye alicheka. Waliagana vizuri.

Baada ya hapo hakumwita tena. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Mwanvita alidhani biashara imekuwa mbaya, akarudi kwenye ndizi zake. Halafu asubuhi moja alikuwa anapita kwenye mitumba, akasikia mtu anaita kwa sauti yake.

"Chupi za Ulaya, mama zangu, njooni mguse wenyewe. Laini, hazibani, baba akiziona hatoki nyumbani." Na baada ya hapo kicheko. Kile kile, kutoka tumboni mpaka puani.

Mwanvita alisimama katikati ya njia. Hakuwahi kuyasema maneno yale. Alijaribu kukumbuka, labda alilewa usingizi, labda aliyasema kwa mzaha mahali fulani wakamrekodi, lakini alijua kabisa kwamba hapana. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akamkuta mgeni ameushika mswaki wake, anausugulia meno, tena anamsalimu huku povu likimtoka. Kijana wa mitumba alimwona, akamwonyesha dole gumba kwa furaha.

Alikwenda moja kwa moja kwa Erick. Erick alimwamkia, akamvutia kiti, akamfungulia soda. Mwanvita hakukaa.

"Nimesikia sauti yangu inauza chupi."

"Ndiyo, mama. Imetoka vizuri, eh?"

"Mimi sijasema maneno yale."

"Ndiyo uzuri wenyewe," alisema Erick, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna hila. "Huhitaji tena kusema. Watu wanalia kwamba mashine zinawanyang'anya kazi, wewe yako inafanyika ukiwa umelala. Ngoja nikuonyeshe."

Akageukia kompyuta, akaandika kitu kwa vidole vyepesi, akabonyeza. Kutoka kwenye spika za mezani Mwanvita akajisikia anasema: "Mimi Mwanvita Kondo, nimekubali, na nimefurahi sana."

Aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akageukia ukutani, kwenye zile trei za mayai, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi zilivyojaa vumbi na utando wa buibui na mabawa ya nzi. Alikuwa ameketi humu ndani mchana kutwa, akicheka.

"Futa," alisema.

"Mama, hii ni teknolojia tu. Dunia nzima inakwenda huko."

"Nimekwambia futa."

Erick alibonyeza-bonyeza, akasema amefuta. Alisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeogopa kivuli. Mwanvita aliondoka bila kuigusa soda.

Erick hakuwa amefuta. Pengine alifuta kwenye kompyuta ile, lakini sauti ilikwisha toka. Alikuwa ameshawagawia wengine, na mmoja wao alikuwa muuza dawa za asili aliyekuwa akizunguka na meza yake kutoka mji hadi mji. Hayo Mwanvita aliyajua baadaye sana. Kwa wakati ule alichofanya ni kubadilisha njia. Aliacha kupita kwenye mitumba, akazunguka nyuma ya soko, na akisikia spika kwa mbali alijifunika masikio kwa mtandio. Alianza kuongea kidogo. Wateja wa ndizi walimuuliza kama anaumwa koo, naye akawaambia ndiyo.

Kisha Raya, binti wa Mwaisha, akapiga simu kutoka Kinole.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama amezidiwa. Mguu umevimba, umekuwa mweusi, na hajitambui vizuri. Tunashuka naye hospitali."

Mwaisha alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Alikuwa mwangalifu, anameza vidonge vyake, anakwenda zahanati kupima, anakula mboga nyingi kuliko ugali. Mwanvita hakuelewa imekuwaje mpaka walipoonana hospitali. Madaktari walikuwa wamekwisha mkata mguu chini ya goti. Alilala kitandani mdogo kama msichana, na kwenye ule mwanzo wa bandeji palikuwa na harufu ambayo hakuna dawa ya kusafishia iliyoweza kuificha.

"Kwa nini uliacha vidonge, dada?" Mwanvita aliuliza.

Mwaisha alimgeuzia uso juu ya mto.

"Wewe ndiye uliyesema niache."

Raya alitoa simu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa Kinole, ukatumwa tena na tena. Raya alipoubonyeza, wodi nzima ikamsikia Mwanvita.

"Ndugu zangu, mimi ni Mwanvita, mnanijua, sijawahi kuwadanganya. Nilikuwa na sukari miaka mingi, nikaficha kwa aibu. Nimetumia unga huu wa mizizi, leo nakula wali, nakunywa chai ya sukari. Vidonge nimevitupa." Kisha kikaja kicheko.

"Nilipousikia nililia," Mwaisha alisema. "Nililia kwamba mdogo wangu anaumwa ugonjwa wangu na hajaniambia. Ameuambia mji mzima, mimi wa tumbo moja hajaniambia."

"Kwa nini hukunipigia, dada?"

"Nilikuwa nimekasirika. Nikasema na aendelee kunificha. Lakini dawa nikaagiza, maana ni wewe."

Mwanvita alianza kueleza. Alieleza habari za Erick, za kompyuta, za mbuzi na treni na mvua. Lakini kadiri alivyosema, ndivyo alivyoona uso wa dada yake unavyojikunja, na akatambua kwamba sauti inayoeleza ndiyo ile ile iliyouza. Haikuwa na tofauti. Hata yeye mwenyewe, akijisikiliza, alisikia muuza dawa.

"Nyamaza kwanza," Mwaisha alisema na kufumba macho. "Nitakuelewa. Lakini leo nyamaza."

Akanyamaza. Alikaa pembeni ya kitanda akimpepea dada yake kwa kanga. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mnene aliyekuwa na kidonda kisigino, alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Raya alipotoka kwenda kununua uji, mama yule alijiinua kwa kiwiko na kumnong'oneza.

"Samahani, dada. Wewe si ndiye yule wa dawa?"

Mwanvita aliendelea kupepea.

"Nimekutambua kwa sauti. Mimi hapa wanataka kunikata pia. Huo unga bado upo? Unapatikana wapi?"

Mwanvita aliinuka, akatoka nje ya wodi, akafika kwenye mfereji nyuma ya jengo, akatapika. Hakuwa amekula kitu. Yalitoka maji machungu ya kijani. Muuguzi aliyekuwa anaanika vitambaa alimuuliza kama ni mjamzito, kisha akaona umri wake akaomba radhi.

Aliporudi aliketi na yule mama. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba unga ule ni uongo, akamfunulia shuka la Mwaisha aone. Mama yule aliona. Akarudi kulala chali, akageukia ukuta, na Mwanvita hakujua kama ameaminiwa au mama yule anajiona amenyimwa dawa.

Muuza dawa alipatikana kwa urahisi, maana hakuwa amejificha. Meza yake ilikuwa kando ya soko, imetandikwa kitambaa cha kijani, ina makopo yaliyopangwa kama mnara, na spika ikirudia yale maneno. Watu walimzunguka, wengi wao akina mama wa umri wake. Mwanvita aliwapenya mpaka mbele.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema, "na maneno si yangu. Mimi sina sukari wala sijawahi kuwa nayo. Dada yangu amekatwa mguu kwa sababu ya unga huu."

Watu waligeuka. Spika nayo haikunyamaza. Ikawa Mwanvita mmoja anasema amepona na mwingine anasema hajawahi kuumwa, wote pamoja, wanakatizana.

"Sasa mkweli ni yupi?" mwanamke mmoja aliuliza, na hakuwa anatania.

"Huyu katumwa na wenye maduka ya dawa," alisema mwingine.

"Au huyu ndiye bandia," kijana mmoja alisema, na watu wakacheka.

Muuza dawa mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kofia ya mtumba. Hakumjua Mwanvita hata kwa sura. Alidhani ni kichaa, akamwambia kwa utaratibu, "Mama, usiniharibie riziki." Huku nyuma bibi mmoja alikuwa tayari ananyoosha mkono kupokea kopo lake.

Mwanvita alilipokonya kopo lile, akalifungua. Alisogeza pua. Palinuka uvundo wa stoo, mkojo wa panya na kitu kama magome yaliyooza, na ndani ya unga alimwona mdudu mwembamba mweupe akijivuta kuelekea kwenye mwanga. Alimwonyesha yule bibi. Kisha akaumwaga unga kwenye mtaro, akashika kopo la pili akalimwaga, la tatu, mpaka mnara ukaanguka wote na muuza dawa akamkamata mkono. Hakuna aliyempiga mwenzake. Walivutana tu, watu wazima hawa wawili, wamejaa unga wa kahawia mpaka kwenye nyusi, na spika ikiwacheka chini ya meza.

Mgambo waliwapeleka ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyemfahamu Mwanvita tangu enzi za pikapu. Msiba wa baba wa mzee huyo ulitangazwa na Mwanvita. Aliusikiliza ujumbe wa kwenye simu, akamsikiliza Mwanvita, akakuna kidevu.

"Bi Mwanvita, nisingekujua, ningekufunga wewe," alisema.

Aliagiza Erick aitwe. Erick alikuja upesi, akawaamkia wote, na alipoulizwa hakukana hata kidogo. Alieleza kila kitu kama mwalimu anayeeleza hesabu. Programu ilifanyaje, nani alichukua nakala, maneno yaliandikwa na nani. Aliposikia habari za mguu wa Mwaisha alishtuka kweli, machozi yakamlenga. Muuza dawa aliamriwa aondoke na bidhaa zake zikachukuliwa zipelekwe kupimwa. Jioni ile ile alipanda basi, na wiki iliyofuata mtu alimwona Turiani na kitambaa cha kijani kile kile. Mwenyekiti alisema suala la Erick litapelekwa juu. Huenda lilipelekwa.

Mwanvita alidhani ameona kila kitu. Lakini asubuhi ya siku ya pili alikuwa anafagia uwanja, mara akasikia bajaji inapita mtaani ikitangaza, na mtangazaji ni yeye.

"Ndugu zangu, mimi Mwanvita Kondo, nawatahadharisha. Jihadharini na matapeli wanaotumia sauti yangu kuuza dawa ya sukari. Msitupe vidonge vyenu." Sauti ilikuwa na huzuni. Ilikuwa ile huzuni aliyoitoa mchana ule, aliposoma habari za treni.

Alimpigia Erick simu, na Erick akapokea akiwa na furaha ya mtu aliyelipa fadhila.

"Umeisikia, mama? Nimezungusha bajaji mji mzima, kwa gharama yangu. Sikutaka kukusumbua, najua una mgonjwa. Kuna kosa lolote? Naweza kubadilisha neno, ni dakika moja tu."

Mwanvita aliegemeza ufagio ukutani. Alimtafutia tusi, akakosa, kwa sababu kijana yule hakuwa na mahali pa kupokelea tusi. Alikuwa amekula kitu cha mwenzake, amekitema, amekipanga upya kwenye sahani na kumkaribisha. Ukiukataa ukarimu huo atashangaa.

"Hakuna kosa," alisema, na hapo hapo alijichukia kwa kuwa amempa maneno mengine mawili. Akakata.

Tangazo lile lilisaidia. Hilo alilazimika kulikiri, na lilimkera kuliko mengine yote. Yule mama wa kidonda cha kisigino alimwambia Raya kwamba sasa ameamini, amesikia kwa bajaji. Alipoambiwa na Mwanvita mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya mguu uliokatwa, hakuamini.

Mwaisha alirudi Kinole na magongo. Alijifunza kukaa jikoni kwenye kigoda kirefu alichotengenezewa na fundi, na baada ya miezi alikuwa anapika tena. Na dada wawili hawa walipatana, si kwa maneno mengi. Walimenya ndizi pamoja, Mwaisha akazungumza, Mwanvita akasikiliza, na pale ambapo alilazimika kujibu alikuwa akisogea karibu na kumshika dada yake mkono kwanza. Mwaisha hakumwambia afanye hivyo, lakini Mwanvita asipofanya, alishtuka.

Watu wa mtaani bado wanakuja kwa Mwanvita akifiwa mtu, wanamwomba awatangazie. Anakataa. Anawaambia watafute mwingine, na wakiondoka anajua kwamba wataenda Msamvu kwa Erick, na kesho atajisikia anatangaza msiba ambao hajaalikwa, akimlilia marehemu ambaye hamjui. Siku hizo huwasha redio na kuziba dirisha kwa godoro.

Kwa simu haongei tena na watu wa Kinole. Walikubaliana hivyo, kwamba sauti yake ikisikika kwenye simu, chochote itakachosema, waikate. Raya akiwa na jambo hupiga, simu ikapokelewa, akasema la kusema, na upande wa pili pakawa kimya, pumzi tu. Halafu Mwanvita hukata, hufunga mlango, hubeba kikapu, huenda stendi kutafuta gari la Kinole. Anafika amechoka, miguu imejaa vumbi la kile kipande cha mwisho cha mlima kinachopandwa kwa miguu, na anasimama uani mpaka wote wamemwona uso ndipo afungue mdomo kuomba maji.